Maswali ya Wasomaji: Profesa wa Kimaori anayewaambia watafiti wapige hodi kwanza

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu kazi za Profesa Linda Tuhiwai Smith wa New Zealand, mama wa Kimaori (Wamaori ndo watu wa asili wa nchi hiyo) ambaye amekaa miaka na miaka akiwachunguza wale wanaowachunguza wengine, yaani watafiti wenyewe, akiwalaumu kwa kuchukua maarifa ya watu wa asili bila kuwauliza, na akitetea mamlaka ya watu hao, yaani haki yao ya kujiamulia mambo yao. Kumbe tumechokoza mzinga. Maswali yamekuja mengi, tumeunganisha yanayofanana, na yale yaliyoandikwa kwa hasira tumeyapunguza makali kidogo, mtusamehe.

Swali: Habari za kazi mhariri. Makala nimeisoma mpaka mwisho ila kitu kimoja sijakielewa, huyu mama ni profesa au ni mwanaharakati? Maana maprofesa ninaowajua mimi wanaandika vitabu vyao wanastaafu, mambo ya kuandamana wanawaachia vijana. (Msomaji asiyependa kuzungushwa)

Jibu: Nzuri ndugu yetu. Ni vyote viwili, na ukiuliza kipi kilianza basi ni harakati.

Linda kazaliwa 1950 Whakatāne, mji wa pwani kule kisiwa cha kaskazini, ni mtu wa Ngāti Awa na pia Ngāti Porou, makabila ya Kimaori. Miaka ya sabini mwanzoni akiwa mwanafunzi Auckland akajiunga na Ngā Tamatoa, kundi la vijana wa Kimaori wa mjini, kizazi ambacho wazazi wao wengi walichapwa shuleni kwa kuongea Kimaori, na wao wenyewe wakakua lugha haifundishwi, wanaisikia kwa bibi na babu tu. Tarehe 14 Septemba 1972 kundi hilo na wenzao wakapeleka bungeni Wellington maombi yenye saini zaidi ya 30,000, wanataka Kimaori kiingie mashuleni. Udaktari wake wa falsafa Linda kaupata 1996. Piga hesabu mwenyewe hapo katikati alikuwa wapi.

Alikuwa mashuleni. Mwaka 1982 ilifunguliwa kōhanga reo ya kwanza Wainuiomata, karibu na Wellington, wazo lenyewe rahisi kabisa, wazee wanaojua lugha wakae na watoto wadogo wakiongea Kimaori tu asubuhi mpaka jioni. Zikaenea kwa kasi. Sasa watoto wakafika umri wa kuanza darasa la kwanza, wapelekwe wapi? Shule zote ni Kiingereza, akiingia mwaka mmoja tu lugha imeyeyuka. Basi 1985 watu wakafungua shule yao ya msingi pale Hoani Waititi, magharibi ya Auckland, bila kusubiri ruhusa ya mtu wala pesa ya serikali, sheria ikaja kuzitambua shule za aina hiyo 1989, zikiwa tayari zinafanya kazi. Linda na mumewe Graham Smith, naye msomi, walikuwemo ndani ya vuguvugu hilo kabisa, la wazazi na walimu wanaochangishana.

Kwa hiyo 1999 alipotoa kile kitabu chake kinachotajwa kila mahali, kuhusu utafiti na ukoloni, hakikutoka hewani. Kimetoka kwa mtu aliyeona jamii ikijitungia mtaala yenyewe huku wataalamu wa elimu wakiandika ripoti juu ya ripoti za kwa nini watoto wa Kimaori wanafeli.

Swali: Shikamoo mhariri. Nauliza, hivi kosa la watafiti hasa ni nini? Mtu kaja kaandika mila zenu, kachukua vitu kaviweka makumbusho vikatunzwa, si afadhali kuliko vingepotea? Naona kama lawama zimezidi. (Binti mwenye dukuduku)

Jibu: Marahaba mwanangu, na umeuliza vizuri, hoja hiyo huwa inatolewa na watu wenye nia njema kabisa.

Tukuletee kisa kimoja cha huko huko kwao Linda. Ngāti Awa walikuwa na nyumba ya mikutano inaitwa Mataatua, imechongwa miaka ya 1870, nyumba kubwa ya mbao ambayo ndani kila nguzo ni babu au bibi fulani kwa jina, ukiingia unakuwa umeingia katikati ya wazee wako, nakshi zote zinakutazama. Na walikuwa wametoka kunyang'anywa ardhi, serikali iliitwaa 1866 baada ya vita, nyumba ilikuwa namna yao ya kusimama tena. Mwaka 1879 serikali ikaichukua ikaipeleka Sydney kwenye maonyesho ya kimataifa. Na walipoisimamisha kule wakaigeuza, nakshi za ndani wakazitoa nje ili wanaopita wazione vizuri.

Soma tena sentensi hiyo taratibu. Wazee waliotakiwa kuwa ndani wanamlinda aliyeingia, wamewekwa nje wapigwe mvua, watu wanapita wanashangaa.

Kutoka hapo Melbourne, kisha London ikafunguliwa vipande vipande ikawekwa stoo miaka mingi, 1924 ikatolewa kwenye maonyesho ya dola ya Uingereza pale Wembley, halafu ikarudishwa New Zealand, ila sio nyumbani, ikaenda Dunedin kisiwa cha kusini, ikakaa makumbusho ya Otago karibu miaka 70. Makubaliano ya kuirudisha yamepatikana 1996, na imefunguliwa tena Whakatāne Septemba 2011. Aliyeongoza majadiliano upande wa Ngāti Awa ni Hirini Moko Mead, mwanaanthropolojia, ambaye ni baba mzazi wa Linda. Na huyu binti mwenyewe, ujanani familia ilipokuwa Marekani baba akisoma, alifanya kazi kwenye makumbusho ya Peabody mjini Salem, kazi yake ni kupiga chapa vikaratasi vya kubandika kwenye vitu vilivyokusanywa. Hebu fikiria, mtoto wa watu ambao nyumba yao iko makumbusho, anaandika lebo za vitu vya watu wengine.

Sasa turudi kwenye swali lako. Ndiyo, nyumba ilitunzwa, mbao zipo. Ila kwa zaidi ya miaka 100 Ngāti Awa hawakuwa na neno kuhusu isimame vipi, wapi, na aelezee nani. Linda anachosema ni kwamba maarifa nayo yalifanyiwa hivyohivyo, na ndo maana kaandika kwamba kwa watu wa asili utafiti ni katika maneno machafu kabisa. Lakini hajasema mtafiti asitie mguu, yeye mwenyewe ni mtafiti na amelea watafiti wengi mno, alikuwa mmoja wa wakurugenzi wawili wa mwanzo wa Ngā Pae o te Māramatanga, kituo cha utafiti cha Kimaori kilichoanza 2002. Anachouliza ni maswali ya mwenye nyumba: utafiti huu ni wa nani, nani kaliunda swali, nani atafaidika, nani ataandika, majibu yatarudi vipi kwa waliotoa. Mgeni akipiga hodi hayo ni maswali ya kawaida kabisa, sijui kwa nini mwenye shahada akiulizwa anaona kama katukanwa.

Swali: Mhariri mimi nataka mniambie ukweli, hii habari ya mamlaka ya watu wa asili si ni kutaka nchi ndani ya nchi? Wamaori wana viti bungeni, wanapiga kura, wana mawaziri. Mamlaka gani tena wanataka? (Mzalendo)

Jibu: Mzalendo, karibu, tulikuwa tunalisubiri hili.

Kwanza takwimu na tarehe. Wamaori ni asilimia 17.8 ya watu wa New Zealand kwa sensa ya 2023, na viti vyao bungeni vipo toka 1867, hapo uko sahihi. Ila msingi wa mjadala uko 1840, tarehe 6 Februari, Waitangi. Siku hiyo na miezi iliyofuata machifu zaidi ya 500 waliweka saini mkataba na Malkia Victoria, na mkataba una maandishi mawili ambayo hayasemi kitu kimoja. La Kiingereza linasema machifu wamemkabidhi malkia mamlaka yote. La Kimaori, ambalo karibu wote ndo walilosaini, linampa malkia haki ya kuendesha serikali, na machifu wanabaki na mamlaka yao kamili juu ya ardhi, vijiji na vitu vyao vya thamani. Kwa hiyo mtu akikwambia Wamaori wanadai kitu kipya, mwambie wanadai walichosaini.

Na hii sio stori ya wanaharakati tu. Kuna baraza linaitwa Waitangi Tribunal, limeundwa kwa sheria 1975 kuchunguza malalamiko kuhusu mkataba huo, Linda mwenyewe aliteuliwa mjumbe wake 2016. Mwaka 2014, kabla yeye hajaingia, baraza lilitoa ripoti kwamba machifu wa kaskazini waliosaini Februari 1840 hawakukabidhi mamlaka yao. Serikali ikajibu kwa ufupi kwamba ripoti haibadilishi kitu, mamlaka ni ya serikali. Basi, ndo wapo hapo mpaka leo.

Moto uliwaka tena 2024, chama kimoja kwenye serikali ya muungano kikaleta muswada wa kutoa tafsiri mpya ya misingi ya mkataba. Novemba 14 mbunge kijana Hana-Rawhiti Maipi-Clarke akasimama akaichana nakala ya muswada katikati ya bunge akaanzisha haka, ile ngoma ya Kimaori ya kupiga kelele na kukanyaga chini, bila shaka video uliiona maana ilizunguka dunia nzima, na Novemba 19 maandamano yaliyotembea siku kadhaa kutoka kaskazini yakafika bungeni, polisi walikadiria watu 42,000. Maoni ya wananchi kwa kamati yakazidi 300,000, karibu asilimia 90 wanapinga. Aprili 10, 2025 muswada ukaanguka kwa kura 112 dhidi ya 11.

Kuhusu nchi ndani ya nchi, angalia Te Urewera, misitu ya watu wa Tūhoe, kabila jingine la Kimaori, ambao kwanza hata mkataba hawakusaini. Ilikuwa hifadhi ya taifa, toka 2014 kisheria msitu ule unajimiliki wenyewe, una hadhi kama ya mtu, na bodi inayousimamia wengi wake ni Tūhoe. Hamna mpaka uliochorwa, hamna pasipoti, watalii wanaingia wanatoka. Mimi kwa maoni yangu wanaoogopa sana neno mamlaka huwa wanaliwazia na bendera na jeshi, wakati mengi yanayodaiwa ni mambo ya nani aamue shule ifundishe nini, mto nani ausemee, na damu ya mgonjwa ikishatolewa ni ya nani. Hilo la damu sio mfano wa kutunga, soma swali linalofuata.

Swali: Hawa wasomi wa mamlaka wanakwamisha sayansi. Ugonjwa haujui kabila, daktari akichukua sampuli aulize ruhusa kwa chifu? (Mtu wa maabara)

Jibu: Tutoke New Zealand kidogo twende Arizona, Marekani, maana kesi iliyofundisha dunia ilitokea kule. Wahavasupai ni watu wa asili wa kule, wachache, kijiji chao Supai kiko chini kabisa ndani ya Grand Canyon, unafika kwa miguu, kwa nyumbu au helikopta. Kisukari kiliwaandama vibaya, wakaomba msaada wenyewe, na kuanzia 1990 watafiti wa Arizona State University wakachukua sampuli za damu. Watu walijua ni kwa ajili ya kisukari. Miaka mbele, 2003, mmoja wao, Carletta Tilousi, amealikwa chuoni kusikiliza mwanafunzi akitetea tasnifu yake ya udaktari, anasikia ni sampuli za watu wake, ila kisukari hakitajwi. Akanyoosha mkono akauliza kama ruhusa ya utafiti huo iliombwa. Hapo ndo ikaanza kujulikana kwamba damu ile ilishatumika kutafiti skizofrenia (ugonjwa wa akili), watu kuzaliana ndani ya ukoo, na uhamaji wa kale, hili la mwisho likipingana na imani yao kwamba asili yao ni hapohapo kwenye korongo. Walifungua kesi, ikaisha Aprili 2010 kwa chuo kukubali kulipa dola 700,000 kwa watu 41 na kurudisha sampuli. Jirani zao Wanavajo walikuwa wameshasimamisha utafiti wote wa vinasaba kwenye ardhi yao toka 2002.

Sasa mtu wa maabara, sema kweli, nani hapo kakwamisha sayansi? Wahavasupai ndo walioomba utafiti. Wangeulizwa mara ya pili pengine wangekubali baadhi, wangekataa mengine, na damu ingeendelea kuwepo kwenye friji ya maabara mpaka leo ikifanya kazi.

Swali: Nimesikia sasa hivi wanadai mpaka data. Data ni namba tu jamani! (Mpenda takwimu)

Jibu: Namba ndo zinagawa bajeti, kaka. Anayeongoza kwenye hili ni Profesa Tahu Kukutai wa Chuo Kikuu cha Waikato, mtaalamu wa demografia, yaani takwimu za watu, Mmaori, mmoja wa waanzilishi wa Te Mana Raraunga, mtandao wa mamlaka ya data za Wamaori. Hoja yake ina pande mbili na watu husikia moja tu: data zetu zisitumike bila sisi, na vilevile tuhesabiwe vizuri.

Upande huo wa pili ulionekana wazi sensa ya 2018. Serikali iliamua sensa iwe ya mtandaoni zaidi, matokeo yake Wamaori waliojaza fomu walikuwa asilimia 68 tu, takwimu za koo na makabila yao zikawa mbovu kiasi kwamba idara ya takwimu haikuzitoa rasmi, na mkuu wake akajiuzulu 2019. Koo hizo ndo zinazoendesha kliniki na shule, wakabaki wanapanga gizani.

Halafu ikaja korona. Mwaka 2021 shirika la Kimaori linalosimamia huduma za Whānau Ora za afya na ustawi wa familia likaomba wizara ya afya majina na mawasiliano ya Wamaori ambao hawajachanjwa ili wahudumu wao wawafuate mlangoni, wizara ikakataa kutoa yote kwa hoja ya faragha. Ikaenda Mahakama Kuu, na Novemba ikaamriwa wizara iangalie upya uamuzi wake. Ona ilivyogeuka, wenye mgonjwa wanaomba taarifa za mgonjwa wao, mwenye kompyuta anasema subiri.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, natafiti jamii moja ya wafugaji ambayo sio yangu. Msimamizi kaniambia "mtaje Linda Smith kwenye sura ya tatu". Nimemtaja. Kuna kingine? (Mwanafunzi mwenye haraka)

Jibu: Kipo, na pole na haraka. Ugonjwa wa kumtaja umeenea mno, tasnifu zinamsifu ukurasa mmoja halafu ukurasa unaofuata dodoso lilelile lililoandikwa ofisini kabla mtu hajakanyaga kijijini.

Linda ana miiko kadhaa aliyoikusanya kutoka kwenye adabu za Kimaori, tukutolee mitatu inayokuhusu. Kwanza, uso wako uonekane. Usitume fomu kwa simu, usitume msaidizi, nenda mwenyewe, na uende siku ambazo huna cha kuuliza, msiba, harusi, kikao. Watu wakuzoee kabla hujawa na haja nao. Pili, tazama, sikiliza, halafu ndo uongee, kwa mpangilio huohuo, maana wengi wanaanzia la tatu. Na la tatu, usikanyage heshima ya mtu, ambalo kwenye karatasi linaonekana jepesi mpaka siku utakapotaka kuandika kwamba mzee fulani amekuambia jambo ambalo wanawe hawalijui.

Kuna moja Linda analisisitiza kwa watafiti wa jamii zao wenyewe lakini hata wewe mgeni linakubana: ukimaliza, wao hawajamaliza. Wewe unahitimu unaenda zako, wao wanabaki na ulichoandika. Kwa hiyo kabla hujachapisha rudi na rasimu, isome kwa lugha yao, kwa sauti, mbele ya waliokuambia, wakikwambia hiki toa, toa, hata kama ndo kipande kitamu kuliko vyote. Na kwenye fomu ya ridhaa ongeza mstari unaosema rekodi za sauti atazitunza nani baada ya wewe kupata cheti, na nani ataulizwa siku mtu mwingine akizitaka. Fomu nyingi hazina mstari huo. Ukiuandika leo, msimamizi wako atauliza umeutoa wapi, hapo sasa ndo umtaje Linda Smith.